Mkopaji kapotea na meli ya anga ya mkopo, benki inampataje?

MtunziWaTandale

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo kwa mnaojua mambo ya mikopo, meli au anga, hata wenye uzoefu wa kukimbia vikoba mnakaribishwa 😂

Naandika stori ya sehemu sehemu, kila Ijumaa naitupia kwenye grupu letu la whatsapp. Ni miaka kama mia tatu mbele, watu wameshaenea, kuna bandari mwezini, kuna makazi Mars, na mbali zaidi kule kwenye mkanda wa asteroidi watu wanachimba barafu na madini. Mhusika mkuu ni nahodha mmoja mwanamke, Kapteni Zawadi, ana meli ya mizigo aliyonunua kwa mkopo wa benki ya mwezini, miaka arobaini kulipa, meli yenyewe ndo dhamana. Biashara imekuwa mbaya, rejesho la kwanza limempita, la pili, sasa hivi ni la tano, akaamua kuzima redio zote akayeyuka na meli, ndani kuna mabaharia sita ambao na wenyewe hawajaona mshahara muda.

Sehemu iliyopita niliandika benki imetuma wababe wenye silaha na meli ya kasi wamfukuzie. Msomaji mmoja akanivua nguo mbele ya grupu zima, eti tangu lini benki ikafukuzana na mtu, benki ina muda huo? Na nikifikiria ni kweli, hata huku mtaani wanaokuja usiku kubeba friji na tv ni wale wa kausha damu, benki yenyewe huwa inakuja na barua.

Sasa maswali yangu, benki ingefanya nini hasa? Zawadi akibadilisha jina la meli na rangi si ndo kapotea jumla? Na kwanini wasiizime tu kwa mbali kama wanavyozima simu za mkopo? Masharti ya stori yangu ni kwamba hakuna kinachozidi kasi ya mwanga, safari ni miezi, na hakuna miujiza.

BahariaMstaafu

Salaam aleikum. Mimi nimefanya uwakala wa meli pale Mombasa mpaka nikachoka, na huyo msomaji wako ana haki. Meli haifukuzwi kwa sababu ya deni mwanangu. Meli inangojwa.

Siku ikishikwa hutaona bunduki. Atakuja mtu wa mahakama, shati jeupe, viatu vya ofisini vinateleza kwenye ngazi ya meli mpaka mabaharia wanamshika mkono, ana bahasha kwapani. Anapanda hadi chumba cha usukani, anatoa amri ya mahakama, anaibandika kwenye kioo na selotepu, nakala anampa kapteni, kapteni anamkaribisha chai, imekwisha hiyo. Meli ya mamilioni ya dola imeshikwa na selotepu. Kwa sababu bila kibali cha kuondoka bandari haikupi rubani wa kukutoa, tagi haziji kukuvuta, muuza mafuta hakuuzii, na ukijitia ujanja ukatoka hivyo hivyo basi bima imekufa na bandari unayokwenda itakuwa inakusubiri. Kesi yenyewe inafunguliwa dhidi ya meli, mwenye meli anaweza kuwa hata hajulikani alipo, haina neno, mshtakiwa ni chuma.

Jina na rangi halimsaidii. Meli za baharini zina namba ya IMO, tarakimu saba, hiyo inaifuata bodi tangu inajengwa mpaka inakatwa chuma chakavu, badilisha jina mara kumi, badilisha bendera, namba ni ileile na imechorwa kwenye chuma. Ziko zinazozima mitambo na kughushi namba, na ndio hizo hizo hakuna bandari nzuri inazitaka, zinazunguka kuuza mzigo kwa bei ya kutupa.

Na bunduki zako usizitupe zote. Mwaka 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, ilishikwa bandari ya Tema kule Ghana kwa deni la hatifungani ambalo nchi ilikwama kulilipa mwaka 2001. Miaka kumi na moja deni limelala, meli imeingia kutembea tu! Bandari ilipotaka kuihamisha gati mabaharia wakashika silaha wakakataa. Ikabidi iende mpaka mahakama ya kimataifa ya bahari iliyoko Hamburg, ndo ikaamriwa iachiwe mwezi Desemba kwa sababu ni meli ya kivita na ina kinga. Ya Zawadi ni ya mizigo, kinga hana.

KipangaWaKisutu

Mzee Baharia kamaliza upande wa maji, mi niongeze wa juu. Mtunzi kuna vitu hapo hata huhitaji kubuni, vimeshaandikwa.

Mwaka 2001 mataifa yalikaa Cape Town wakatengeneza mkataba wa dhamana za vifaa vinavyohamahama, pamoja na itifaki yake ya ndege, Kenya imo na Tanzania imo. Kuna daftari moja la dunia nzima, la mtandaoni, makao yake Dublin. Mkopeshaji anaandikisha kwamba ndege hii nina haki nayo, injini inaandikishwa kivyake kando na bodi, na aliyetangulia kuandikisha ndo anatangulia kulipwa. Halafu siku ileile ya kukopa shirika linasaini karatasi isiyofutika inayomruhusu mkopeshaji kuitoa ndege kwenye usajili wa nchi na kuipeleka nje. Yaani unasaini talaka siku ya harusi, na watu wanasaini kwa sababu bila hiyo riba inapanda.

Sasa mkataba huohuo ukaongezewa itifaki ya vyombo vya anga, Berlin, tarehe 9 Machi 2012. Inahitaji nchi 10 ziridhie ndo ianze kazi na mpaka leo haijaanza, ila kwa mtunzi ni shamba. Wanaruhusu mkopaji na mkopeshaji wakubaliane namba za siri za kukiongozea chombo ziwekwe kwa mtu wa tatu, mkopaji akikwama basi mkopeshaji anapewa zile namba. Kukamata setelaiti maana yake ni hiyo, hakuna wa kuipandia na selotepu. Na kuna kifungu kingine kitamu zaidi, kama chombo kinatoa huduma ya umma na wahusika wameliandikisha hilo, mkopeshaji hawezi kukifunga siku anayokasirika, anatoa notisi kwanza na anasubiri kati ya miezi 3 na 6. Zawadi wako si anabeba barafu? Barafu kule Mars ndo maji ya kunywa, ndo hewa, ndo mafuta. Nikiwa wakili wake mi ningeshikilia hapo hapo, benki ikimgusa mji mzima unakauka, asubiriwe.

Halafu wale wanaosema huko juu hakuna sheria, Mkataba wa Anga wa 1967 kifungu cha 8 kinasema nchi iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu yake hata kikiwa angani, na umiliki haubadiliki eti kwa sababu kiko juu. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye stori yako ni bendera gani Zawadi anapeperusha, la pili anatia nanga wapi na je huyo mwenye bandari anaitii ile mahakama ya mwezini. Si mnakumbuka Airbus yetu A220 ya Air Tanzania ilivyobanwa Johannesburg Agosti 2019? Mdai alikuwa anadai fidia ya mali zilizotaifishwa miaka ya 1980, hakwenda Dar kushika ndege, alikaa akasubiri ndege iende inakokwenda kila siku, akaenda mahakama ya kule kule. Iliachiwa mwanzoni mwa Septemba, mahakama hiyohiyo ikafuta amri, ila abiria walishakwama.

dada_wa_riba

Mnahangaika na mikataba. Benki iingie kwenye kitabu chake cha simu, imtumie mama mkwe meseji kwamba mwanao tapeli, Zawadi atajileta mwenyewe 😂😂

FundiSimuKkoo

@dada_wa_riba Kenya walishapiga marufuku hiyo, kanuni za Benki Kuu yao za 2022, mkopeshaji wa mtandaoni haruhusiwi kupigia watu walioko kwenye simu ya mdaiwa. Miaka mia tatu mbele sidhani kama watairudisha ila binadamu huwezi jua.

Nijibu la kuzima kwa mbali maana ndo linaloniletea wateja. Watu wanadhani kuna jamaa kakaa ofisini anabonyeza kitufe simu inalala. Chukua zile sola za kulipa kidogo kidogo, boksi lenyewe linahesabu siku, umelipa unapewa namba unaingiza linakupa siku zingine, hujalipa linajifungia lenyewe kimya kimya, halihitaji mtandao wala nini. Meli ya mkopo ingekuwa hivyo hivyo. Redio Zawadi kazima, utamtumia amri ya kuzima inaingilia wapi? Lakini kama injini yenyewe inadai namba kila baada ya miezi kadhaa basi hata akijificha nyuma ya sayari atatafuta namba. Yaani luku.

Sasa shida inaanza hapa na benki lazima iwe imeiwaza kabla ya kutoa hela. Meli ya anga haipaki pembeni. Boda ikizimwa inasimama barabarani mwenye nayo anashuka anatukana anatembea kwa mguu, ila meli iko katikati ya safari, inatakiwa iwashe injini ipunguze mwendo ifike Mars, namba imekwisha jana, injini imegoma. Unajua kitakachotokea? Itapita Mars kama daladala iliyojaa na itaendelea na njia yake kuzunguka jua, na watu saba ndani, na dhamana ya benki ndani. Benki imejiibia yenyewe, na ina kesi ya mauaji. Kwa hiyo kufuli lenye akili linafunga meli ikishafungwa kamba bandarini tu, na haligusi hewa, maji wala joto. Mkataba wowote ambao mtoa mkopo anaweza kukata hewa hakuna baharia atapanda hiyo meli.

Na kule kwenye asteroidi lazima kuna kijana na laptop anaflashi injini. Kila kufuli lina Kariakoo yake. Mwekee Zawadi huyo fundi, ila muweke awe ghali na injini ikitoka pale isiwe na uhakika, inakohoa kidogo kila ikiwashwa.

MjukuuWaForodhani

Naona mnaenda Berlin na Dublin wakati hii stori imeshatokea huku kwetu. Karne ya 19 misafara ya pembe ilikuwa inatoka Zanzibar na Bagamoyo kwa bidhaa za mkopo, nguo, shanga, waya, mkopeshaji ni tajiri wa Kihindi pale mjini, Taria Topan ndo aliyemwezesha Tippu Tip. Unakopa leo unarudi baada ya miaka na pembe unalipa. Wengine pembe hawakupata, au walipata wakaibiwa, na wakaona bora wasirudi pwani kabisa. Tabora, Ujiji mpaka Manyema kulikuwa na wafanyabiashara waliokwama huko miaka na miaka kisa deni, wana nyumba, wana wake, wana mashamba, pwani hawakanyagi. Mkopeshaji hana jeshi la kuwafuata huko na kumtuma mtu ni gharama kuliko deni. Zawadi amekimbilia Ujiji tu.

Ila tajiri naye hakuwa mjinga. Pembe ukipata huwezi kuila, lazima ishuke pwani, na ikishuka Zanzibar inapita forodhani, na forodha wenyewe sultani alikuwa anawakodisha matajiri haohao, nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, Taria Topan naye aliishika. Mtu anayekudai ndo amekaa mlangoni anahesabu mzigo wako. Kwenye stori yako nani ameshika mlango wa kuuzia barafu? Akiwa ni benki au ndugu yake benki, kufukuzana kwa nini.

NyotaKali

@MjukuuWaForodhani hiyo ya Ujiji nimeipenda sana ila kuna kitu kimoja kinaiharibu kwenye anga. Zamani habari ya deni ilikuwa inasafiri kwa miguu mwendo uleule wa mdaiwa, ukimtangulia mjumbe umeshinda. Kwenye anga redio inatoka Dunia kufika Mars kwa dakika 3 zikiwa karibu, dakika kama 22 zikiwa mbali, meli inatumia miezi 6 mpaka 9 kwa roketi za aina yetu, na nafasi nzuri ya kuondoka inakuja kila baada ya miezi 26 hivi. Amri ya mahakama itafika bandarini, itabandikwa, itapauka rangi, watasahau na kuibandika tena, ndo Zawadi anatokea.

Na kujificha ni kugumu kuliko mnavyofikiria. Ukiwasha injini unatoa joto, na huko nyuma yako ni baridi na giza tupu, mwenye darubini nzuri ya joto anakuona. Akishaona umewasha kwa muda gani na kuelekea wapi anapiga hesabu anajua unakokwenda na lini utafika, maana ukishazima injini huna kona, unaanguka tu kwenye njia yako. Kuwasha tena ili upinde njia ni mafuta, na mafuta Zawadi hana hela ya kuyanunua, ndo maana tuko hapa. Kitu pekee anachoweza kufanya ni kuwasha akiwa nyuma ya jua au nyuma ya sayari kutokea kwa wanaomtafuta, na hapo anategemea hawana jicho jingine upande wa pili.

MtunziWaTandale

Aisee nimekaa chini. Asanteni sana wakuu, yaani mmenivunjia nyumba mmenijengea nyingine.

Sasa kuna kitu kinanitatiza, kama benki inajua anakwenda wapi na imeshabandika karatasi, na Zawadi naye anajua karatasi ipo, si ataenda bandari ambayo haitambui mahakama ya mwezini? Tuseme Ceres, kule kwenye mkanda wa asteroidi, ni watemi wenyewe wanajitawala, hawajasaini kitu chochote. Anakaa huko anabeba barafu za majirani, benki itafanyaje? Wababe wangu wa silaha nawapa kazi gani jamani, wasomaji walishaanza kumpenda yule mwenye kovu.

KipangaWaKisutu

Hapo ndo benki inaanza kupiga hesabu kwa kalamu ya kawaida. Meli iko Ceres, thamani yake pale ikoje? Angalia kampuni ya Iridium, walitumia karibu dola bilioni 5 kurusha setelaiti 66 za simu pamoja na za akiba, Agosti 1999 wakaomba ulinzi wa kufilisika, na wadai walikuta wana rehani inayozunguka juu ya vichwa vyao ambayo hakuna anayeitaka, mpaka ukapangwa mpango wa kuzishusha zichomeke. Mwishoni mwa 2000 zikanunuliwa kwa dola milioni 25 hivi. Na bado zilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo! Kitu hakikuharibika, ilikosekana tu mtu wa kukilipia siku hiyo.

Kwa hiyo afisa mikopo mwenye akili angemtumia Zawadi ujumbe kimya kimya, njoo tupange upya, riba tunapunguza, miaka tunaongeza. Benki inataka rejesho, meli chakavu Ceres itaipeleka wapi. Sinema yenye utamu mi naona iko hapo, mtu anayeogopa kufungua redio kumbe kwenye redio kuna msamaha.

Ila bosi wa afisa hana uvumilivu, mwisho wa mwaka anataka vitabu visafi, anaamua kuliuza deni. Deni la mia linauzwa kumi kwa kampuni ambazo kazi yao ni kununua madeni mabovu. Ile meli ya Argentina si ilishikwa na mfuko wa namna hiyo hiyo, walinunua hatifungani kwa bei ya kutupwa wakadai thamani nzima. Hao wana subira na hawana aibu. Mwenye kovu muajiri huko. Benki haijui jina lake na haitaki kulijua.

BahariaMstaafu

Ahsante Kipanga. Nami niseme la mabaharia maana naona wote mmewasahau, sita wamo ndani na hawajalipwa.

Meli ikiuzwa na mahakama, pesa ina foleni yake. Kwa mfumo wa Kiingereza tuliourithi zinaanza gharama za mahakama na kuitunza meli, halafu mishahara ya mabaharia na waliookoa meli kama ilipata ajali, ndio benki yenye rehani inafuata, na wauza mafuta na vipuri wako nyuma kabisa wanalia. Benki inakuja baada ya mpishi! Mimi nimeona meli imekaa nangani miezi, mwenye meli hashiki simu, mabaharia wanavua samaki kwa kamba na kukinga maji ya mvua, na mtu wa benki amekuja na pesa taslimu kuwalipa mishahara wasiondoke, kwa sababu meli bila watu ni hasara na watu wenye hasira wanaharibu injini.

Kwa hiyo Mtunzi, anayemmaliza Zawadi ni mhandisi wake mwenyewe. Ana madai ya mshahara, na watemi wa Ceres hata kama hawaijui benki ya mwezini, mtu aliyefanya kazi akanyimwa jasho lake mbele ya macho yao watamsikiliza, kila bandari inaishi kwa mabaharia. Benki inaweza kumtumia mhandisi ujumbe, wewe fungua kesi, wakili tunakulipia. Kesi ni ya mishahara ya watu sita, lakini meli imeshikwa na inaingia mnadani.

MtunziWaTandale

Mzee Baharia 🙌🙌 mhandisi ndo alikuwa rafiki yake mkubwa, tangu sehemu ya kwanza. Nimeshaanza kuandika na mkono unatetemeka. Swali la mwisho basi niwaache mlale, ikishauzwa mnadani lile deni la benki linaifuata meli kwa aliyenunua au?

BahariaMstaafu

Halifuati. Mauzo ya mahakama yanaisafisha meli, madeni yote ya nyuma yanahamia kwenye zile pesa za mnada, wadai wagawane huko kwa foleni yao. Mwaka 2022 kuna mkataba umetungwa ili usafi huo uheshimiwe na nchi nyingine, unaitwa wa Beijing. Zawadi mwenyewe bado anadaiwa kinachobaki, ila meli inatoka mpya. Sasa kaa uangalie nani atasimama siku ya mnada, maana huko Ceres wenye pesa ya kununua meli sidhani kama wanazidi wawili, na mmoja ni yule mwenye kovu.

dada_wa_riba

Nani kasema Zawadi hana shemeji?

MtunziWaTandale

😂😂😂 Dada njoo inbox.